Leseni, Faini na Wakili Asiyekuwepo

Wiki chache zilizopita, katika semina ya haki za binadamu, mwanafunzi mmoja aliyewahi kuendesha bodaboda alisema jambo lililonyamazisha darasa. Aliwahi kulipa faini ya shilingi 30,000 kwa kosa ambalo mpaka leo anaamini hakulitenda. Kulipinga mahakamani kungemla siku kadhaa za kazi, na wakili angedai zaidi ya faini yenyewe. Akalipa.

Nilimjibu kwa historia ya Marekani, kwa sababu huko swali lake lilifika Mahakama ya Juu mara mbili ndani ya miezi mitatu ya mwaka 1971.

Kesi ya kwanza ni ya Preston Tate. Alipatikana na hatia ya makosa tisa ya barabarani huko Houston, Texas, na faini zake zikafikia dola 425. Mahakama iliyomhukumu haikuwa na mamlaka ya kumfunga mtu. Makosa hayo adhabu yake ilikuwa faini tu. Hata hivyo, asiyeweza kulipa alipelekwa kwenye shamba la magereza la manispaa, deni likipunguzwa kwa dola 5 kila siku. Kwa Tate hizo zilikuwa siku 85. Alikuwa na mke na watoto wawili, akiishi kwa vibarua na malipo ya dola 104 kwa mwezi aliyopewa kama askari wa zamani. Alikaa kizuizini siku 21 kabla ya kuachiwa kwa dhamana ili apinge uhalali wa kushikiliwa kwake.

Tarehe 2 Machi 1971 Jaji William Brennan alisoma uamuzi: dola haiwezi kuweka adhabu ya faini kwa kila mtu, kisha ikaigeuza kuwa kifungo kwa yule tu asiye na fedha. Zipo njia nyingine, ikiwemo kulipa kwa awamu. Leo hoja hiyo inaonekana ya kawaida kabisa. Tukumbuke kwamba mahakama za Texas zilikuwa zimeikataa.

Kesi ya pili ilihusu leseni. Mchungaji Bell wa Georgia alihudumia jamii tatu za vijijini kwa gari lake. Jumapili moja ya Novemba 1968 mtoto wa miaka mitano, akiwa juu ya baiskeli, aligonga ubavu wa gari hilo. Wazazi walidai dola 5,000. Bell hakuwa na bima, na sheria ya Georgia ilimtaka aweke dhamana ya fedha hizo au afungiwe leseni. Alipoomba kueleza kwamba kosa halikuwa lake, aliambiwa kwamba hilo halihusiki. Mwezi Mei 1971 Mahakama ya Juu iliamua kwamba leseni ikishatolewa huweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, hivyo isichukuliwe bila kusikilizwa, na katika mazingira kama ya Bell usikilizwaji huo lazima uguse suala la nani anaweza kuwajibika kwa ajali.

Hapo wanafunzi wangu hupiga makofi, nami huwaomba wasubiri. Haki ya kusikilizwa ni kitu kimoja, na kuwa na mtu wa kukusemea ni kingine. Mwaka 1972 Mahakama hiyo iliamua kwamba asifungwe mtu kwa kosa lolote, hata dogo, bila kupewa wakili. Mwaka 1979, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaweka mpaka: aliyetozwa faini tu, bila kifungo, dola halazimiki kumpa wakili. Kwa maneno mengine, msaada wa kisheria ulisimama kwenye mlango wa gereza. Binafsi naona mpaka huo uliwekwa na watu ambao hawakuwahi kukosa nauli. Dereva aliyefungiwa leseni bado ana kazi ya kufika asubuhi. Akiendesha bila leseni anatenda kosa jipya, na hilo sasa lina kifungo. Wakili anafika mwishoni, wakati alihitajika mwanzoni.

Ferguson, Missouri, ilionyesha matokeo yake. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015 ilieleza habari za mwanamke aliyeegesha gari vibaya mara moja, mwaka 2007, akatozwa dola 151 pamoja na ada. Kufikia mwishoni mwa 2014 alikuwa ameshalala jela siku sita na kulipa dola 550, na bado alidaiwa dola 541. Miaka miwili baada ya ripoti hiyo, California ilifuta utaratibu wa kuwafungia leseni watu walioshindwa kulipa faini za barabarani.

Hapa Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili wanaoelimisha na kuelekeza wananchi. Nilimuuliza yule kijana kama siku ile alifikiria kumtafuta mmoja wao. Akacheka. Alidhani, alisema, kwamba hao ni wa mirathi na talaka.