Eti watu wa Lamu hawakimbii

Jamani, leo sina video ya punda wala ya machweo pale gatini. Leo nina neno limenikaa kooni tangu mwaka jana, na nisipoliandika litanisumbua mpaka Ramadhani.

Nilikuwa Nairobi, kwenye mbio moja kubwa ya jiji, nimejiandikisha kilomita 21. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio, tuko kwenye foleni ya kuweka mabegi. Mbele yangu kaka mmoja kavaa miwani ya jua na jua lenyewe halijatoka. Tukapiga stori. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Lamu. Akacheka, tena si kwa ubaya, kile kicheko cha mtu aliyefurahishwa kweli. "Lamu? Kwani nyinyi hukimbia? Si kwenu ni pole pole, kahawa na kulala?"

Nikacheka naye. Ndiyo kosa langu. Ningemjibu palepale ningelala vizuri usiku ule.

Halafu, wallahi, nikaenda kumthibitishia maneno yake. Bunduki ilipolia nilitoka kama mwizi wa kuku. Kilomita tatu za kwanza nilipita watu, nikijiambia yule kaka aone. Nilisahau kitu kimoja: Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari, na mimi mapafu yangu yamekulia pale ambapo maji yakijaa yanagusa mlango. Nyumbani nikikimbia kutoka Mkunguni hadi Shela sihesabu hata pumzi. Nairobi, kufika kilomita ya kumi na nne nilikuwa navuta hewa kama samaki kwenye ngalawa. Kilima kidogo tu, kitu ambacho mtu wa Iten hawezi hata kukiita kilima, kikanisimamisha. Nikashika magoti. Mzee mmoja wa umri wa babu yangu akanipita akienda mwendo wa kwenda sokoni. Akageuka: "Usisimame, binti. Tembea, lakini usisimame." Nikamfuata mgongo wake mpaka mwisho. Saa mbili na dakika arobaini na moja. Sijui jina lake, na hajui kwamba alinibeba.

Jioni nikampigia nyanya simu Lamu, nimsimulie. Akasikiliza yote, foleni, kilima, mzee, medali. Akauliza swali moja. "Mwanangu, wamkimbia nani?"

Kwa nyanya, mtu hukimbia akiwa anakimbizwa. Na nilipomwambia mimi ndiye niliyelipa ili nikimbie, si kwamba nililipwa, alicheka mpaka simu ikakatika. Kwa hiyo siku moja nilichekwa mara mbili, asubuhi na bara na jioni na nyumbani. Ndipo nikaanza kusoma.

Tuanze na hii ya uvivu, maana ndiyo inayoniuma. Watu husema "watu wa pwani ni wavivu" kama wanavyosema maji hulowesha. Ila maneno haya yana umri. Waingereza walitangaza himaya yao hapa mwaka 1895. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, wakawa wanamlipa kodi. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria. Sasa jiulize: mtu aliyelimishwa shamba la mwingine maisha yake yote, siku anayoambiwa yuko huru, atarudi kesho yake asubuhi kulima shamba lilelile? Wengi walitafuta vipande vyao vya ardhi wakalima chakula chao, au wakafanya kibarua siku wanazotaka wao. Wenye mashamba walikosa mikono. Maafisa wa kikoloni, badala ya kuandika kwamba watu wamekataa kazi mbaya yenye malipo duni, wakaandika kwamba watu wa pwani hawapendi kazi. Neno likaingia kwenye ripoti, likatoka kwenye ripoti likaingia mitaani, na miaka zaidi ya mia baadaye kaka wa miwani ananipa mimi kwenye foleni ya mabegi. Yeye hana habari limetoka wapi. Amelikuta tu, kama mimi nilivyolikuta.

Na hapohapo, miaka hiyohiyo, Lamu watu walikuwa wanakata boriti mikokoni, matope mpaka kiunoni, wanazibeba mabegani kuzipakia majahazini kupelekwa Uarabuni. Mvivu habebi boriti. Kazi ya pwani huenda kwa maji na upepo, kwa kaskazi na kusi. Kuna saa ya kukaa barazani kwa sababu maji yamekupwa na hakuna chombo kinachotoka. Mgeni akipita saa hiyo anaona watu wamekaa. Akija saa maji yamejaa, hana pa kupita, kila mtu mbio. Lakini mgeni hupiga picha saa ya baraza. Halafu picha inakuwa fulana, fulana inauzwa kwa watalii, imeandikwa pole pole.

Sawa, turudi kwenye mbio zenyewe, maana huko nilikuta kitu kilichonifanya niamke kitandani.

Sisi sote tumekua tukijua marathoni ni ya Bonde la Ufa. Na kweli, ukitazama leo ni yao, Kipchoge ni wao, marehemu Kelvin Kiptum aliyekimbia 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023 ni wao, sibishani. Lakini rudi nyuma uwatazame Wakenya wa mwanzo kushinda mbio hizi kubwa. Chicago, 1983: Joseph Nzau. Nzau, jina la Ukambani. Mwaka 1987, New York: Ibrahim Hussein, huyu ndiye wa Kapsabet, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio zile. Mwaka uliofuata akashinda Boston kwa kumpita Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja. Moja! Kilomita arobaini na mbili, halafu sekunde moja.

Na mwaka huohuo wa 1987, mashindano ya dunia ya Roma. Bingwa wa dunia wa marathoni, Mkenya wa kwanza kuupata ubingwa huo, ni Douglas Wakiihuri. Amezaliwa Mombasa.

Mombasa, jamani. Usawa wa bahari. Na mazoezi hakuyafanya Iten, aliyafanya Japani. Alikwenda kule akiwa kijana mdogo tu, akafunzwa na Kiyoshi Nakamura, kocha ambaye Wajapani wanamjua kwa ukali wake. Fikiria mvulana wa Kenya, peke yake, lugha haijui, chakula hakijui, anaamka kila asubuhi kukimbia nyuma ya Wajapani. Nakamura akafariki mwaka 1985, kabla ya kuona matunda. Miaka miwili baadaye Wakiihuri akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1988 Seoul akachukua fedha ya Olimpiki, sekunde kumi na tano nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Mwaka 1989 akashinda London, watatu wa kwanza wakimaliza ndani ya sekunde sita. Mwaka 1990 akashinda Jumuiya ya Madola kule Auckland, halafu New York. Nimewauliza marafiki zangu kumi wa Mombasa kama wanamjua. Mmoja alisema jina amewahi kulisikia. Huyo mmoja ni dereva wa tuktuk, ana miaka hamsini na kitu.

Najua mtakachosema. Kuzaliwa Mombasa si kufunzwa na Mombasa, na jina Wakiihuri si la Kimvita. Kweli. Sidai kwamba pwani ndiyo iliyomtengeneza. Ninachosema ni kwamba katika watatu hao wa mwanzo, wawili hawaingii kwenye hadithi tunayosimuliana kila siku, kwamba ni lazima uwe umezaliwa mlimani, unakwenda shule mbio bila viatu. Kulikuwa na wakati hadithi hiyo haijakauka bado. Nchi hii ilikuwa inajulikana kwa mbio za uwanjani, za akina Kipchoge Keino, na marathoni ilikuwa ya watu wengine. Na hizi marathoni za miji mikubwa zenyewe ni changa mno. New York ilianza 1970, watu 127 wakizunguka bustani, waliomaliza 55. Mbio za punda kwetu zinajaza watu zaidi ya hao ukingoni mwa bahari.

Halafu kuna siku bara walikuja kwetu wakaonja. Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa hajashindwa kwenye mbio hizo tangu 2002. Miaka mitano, kila mwaka yeye, mbio fupi na ndefu. Akaja Mombasa, na Mombasa ya Machi mnaijua, ile hali ya kwamba jasho linatoka halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mzunguko wa mwisho mwili ukamkatalia. Akatoka njiani, bingwa mzima, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Wanariadha wengine nao walianguka kwa joto siku ile. Nikiisoma habari hiyo nakumbuka magoti yangu kilomita ya kumi na nne. Mimi sikuweza hewa yao, na yeye hakuweza joto letu. Hakuna aliyesema Bekele ni mvivu.

Kwa hiyo kwa nini sisi hatukimbii? Kwa sababu tunashindana kwa vitu vingine, hilo la kwanza. Ukiwa Lamu siku ya mbio za punda utaona wavulana bila tandiko, wamekaa nyuma kabisa mgongoni, wanashuka ukingo wa mji kwa kasi ambayo ingewapa madaktari kazi. Siku ya mbio za mashua utaona watu wamening'inia kwenye ubao nje ya chombo, wanautumia uzito wao kuzuia mashua isipinduke. Ushindani tunao mpaka unamwagika. Mshindi jina lake linaimbwa mtaani, na punda wake pia.

La pili halina utani. Mkimbiaji huhitaji alfajiri. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jinsi giza lilivyokuwa kimya. Wavuvi wa usiku walikaa bila kazi. Nani angetoka kabla ya jua kufanya mazoezi? Angekutana na askari kwanza. Vipaji haviwezi kuhesabiwa kwenye mji uliofungwa ndani.

Na la tatu ni mimi mwenyewe. Ni msichana. Mbio za punda hatupandi sisi. Ukikimbia ukingoni asubuhi, hata umejifunika vizuri, hijabu, shati refu mpaka magotini, kuna mtu atamwambia mjomba wako kabla hujafika Shela. Simlaumu mtu. Hata kule tunakofikiri ni kwa wajanja, Boston hawakuwaruhusu wanawake rasmi mpaka 1972, na Olimpiki haikuwa na marathoni ya wanawake mpaka Los Angeles 1984. Wanaume wazima, madaktari ndani yao, walikuwa wanasema mwanamke atadhurika. Nilikuwa nimekaa na binamu zangu kwenye simu ndogo iliyopasuka kioo siku Sifan Hassan alipopokea dhahabu ya marathoni ya Paris mwaka 2024, amevaa hijabu. Hakuna aliyesema kitu. Binamu yangu wa miaka tisa akachukua mtandio wake, akaufunga nyuma ya kichwa, akatoka mbio uani mpaka akamgonga mbuzi.

Huyo sasa ndiye mwenzangu wa mazoezi. Anakimbia kuliko mimi, anasimama kuliko mimi, na akichoka anadai apandishwe punda.

Medali yangu nyanya aliichukua siku niliporudi. Ameiweka kwenye kidaka cha sebuleni, kati ya sahani mbili za kale ambazo sisi wajukuu haturuhusiwi hata kuzipangusa. Wageni wakiuliza ni ya nini, husema, "Mjukuu wangu alipewa Nairobi." Wakiuliza kwa kufanya nini, anawaongezea kahawa.

Nimejiandikisha tena mwaka huu. Safari hii nitakwenda wiki mbili mapema nizoee ile hewa, na kilomita tatu za mwanzo nitakwenda pole pole, kaka wa miwani acheke tu. Jumamosi alfajiri maji yatakuwa yamekupwa, mchanga wa Shela utakuwa mgumu, mzuri wa mguu. Anayekuja, saa kumi na moja na nusu, chini ya mti pale Mkunguni. Wasichana njooni wawili wawili, mjomba asipate la kusema.