Mkutano Mkuu wa Tabora, 1958: Wajumbe walipoamua juu ya kura tatu

KATIKA chama cha wanachama, kamati ya uongozi huendesha shughuli za kila siku, lakini mambo mazito huamuliwa na mkutano mkuu. Mfano unaokumbukwa sana nchini ni mkutano mkuu wa mwaka wa Tanganyika African National Union (TANU), uliofanyika Tabora Januari 1958.

Tabora, kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji katika karne ya 19, ilikuwa pia njia panda ya reli ya kati na ile ya Mwanza.

Hoja iliyowakabili wajumbe ilikuwa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ya Gavana Edward Twining iliweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Aidha, aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwenye elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa maalumu.

Wajumbe wengi walifika wakiwa na msimamo wa kususia. Kushiriki kulionekana kuwa ni kubariki ubaguzi. Kususia nako kungeweza kuwaachia viti wapinzani wao wa United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 na kuungwa mkono na serikali ya kikoloni.

Rais wa TANU, Julius Nyerere, aliyetaka chama kishiriki, hakuamua peke yake wala na viongozi wenzake faraghani. Alisimama mbele ya wajumbe, akajenga hoja na kujibu wapinzani. Baada ya mjadala mkali, kura zilipigwa na waliotaka kushiriki wakashinda. Uamuzi huo ukajulikana kuwa Uamuzi wa Busara.

Walioshindwa walibaki na njia mbili: kutii au kuondoka. Wengi walitii. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaanzisha African National Congress.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata, Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, akashindwa.