Mlango Una Sheria, Ukuta Hauna

Stesheni ya Kigoma ipo Barabara ya Lumumba inapoishia, mwendo mfupi kutoka ziwani. Wajerumani waliifikisha reli hapa Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Miezi sita baadaye vita vikaanza, na Julai 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Waingereza wakafuata, kisha uhuru, na matao ya mbele ya jengo yangali yanapokea abiria.

Kisheria, umri huo hautoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalitambua lenyewe jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baadaye lisubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Kwa Ujiji, mji wa kale jirani na Kigoma, mwaka huo umekaa vibaya. Burton na Speke walifika 1858, Stanley akamkuta Livingstone 1871, na misafara ya pembe na watumwa ikaendelea miaka mingi baadaye. Nyumba za miti na udongo za enzi ile ni nadra kudumu karne na nusu, kwa hiyo karibu kila baraza unayoiona leo Ujiji ilijengwa baada ya mwaka huo.

Ila sheria hiyohiyo imeuwekea mlango wa nakshi mwaka wake: 1940. Mwenye nyumba anaweza kubomoa baraza, akapandisha tofali za saruji na kutia madirisha ya vioo, na sheria hii ikauliza habari za mlango na fremu yake tu. Sababu si ngumu kuikisia. Mlango hung'olewa, ukapakiwa melini na kuuzwa ng'ambo; ukuta hauibiki.

Kwingine hata ukuta una sheria. Ufaransa walianza na jengo mojamoja kwa sheria ya 1913. Mwaka 1943 wakaongeza mita 500 kulizunguka, na 1962, André Malraux akiwa Waziri wa Utamaduni, wakaanza kukinga mitaa mizima. Kwenye maeneo hayo, hata kubadili madirisha ya mbele kunahitaji kibali. Zanzibar nao walitunga sheria ya Mji Mkongwe mwaka 1994. Ujiji imeingizwa tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO, pamoja na vituo vingine vya njia ya misafara, lakini orodha hiyo haimzuii fundi mwenye nyundo.

Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Treni mpya itakuja na stesheni yake. Tangazo la kuilinda ile ya 1914 lingefaa litoke kabla watu hawajaanza kuulizana eneo lile litajengwa nini.