Kutoka Dungu hadi Gwaride: Namna Nyimbo za Asili na za Dansi Zinavyopangwa kwa Bendi

Wimbo wa kuamia ndege unaoimbwa juu ya dungu katika mashamba ya mpunga ya Bonde la Rufiji hauna karatasi ya nota, hauna ufunguo ulioandikwa wala mwisho uliopangwa. Huanza mwimbaji anapotaka na huisha ndege wanapotawanyika. Ili wimbo huo upigwe na bendi kwenye uwanja wa sherehe, hauna budi kupita kwanza mikononi mwa mpangaji wa muziki.

Makala haya yanaeleza kazi ya mpangaji, historia yake katika mwambao wa Afrika Mashariki, hatua zake na taratibu za kisheria zinazoihusu. Yanawahusu wananchi wote, hususan wa Kata ya Umwe na maeneo jirani ya Ikwiriri, Utete, Kibiti na delta ya Mto Rufiji, ambako nyimbo nyingi za kazi na za ngoma zingali zimehifadhiwa vichwani mwa wazee.

Maana ya kupanga wimbo

Bendi inayozungumziwa hapa ni ile ya ala za kupuliza na za kugonga: filimbi, klarineti, saksofoni, tarumbeta, honi, tromboni, tuba, ngoma na matoazi. Wananchi wengi huifahamu kupitia bendi za Jeshi la Polisi, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na Jeshi la Magereza katika maadhimisho ya kitaifa.

Kupanga wimbo si kunakili sauti pekee. Wimbo wa ngoma una majukumu matatu: kiongozi anayeanzisha, waitikiaji wanaojibu, na wapiga ngoma wanaoamua mwendo. Mpangaji huhamisha majukumu hayo kutoka kwa watu hadi kwenye ala. Endapo atahamisha lahani peke yake na kuacha mgawanyo huo, wenye wimbo watausikia uwanjani na wasiutambue kuwa ni wao.

Historia katika mwambao

Bendi za kupuliza zilifika mwambao katika karne ya 19. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi ya wanamuziki wenye asili ya Goa. Misheni ya Freretown, Mombasa, ilifundisha ala hizo, na utawala wa Kijerumani ulikuwa na bendi ya askari jijini Dar es Salaam.

Wenyeji hawakubaki watazamaji. Kutokana na bendi hizo walibuni ngoma ya beni, ambayo jina lake limetoholewa kutoka neno bendi. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, vyeo, gwaride na nyimbo za Kiswahili. Vita ya Kwanza ya Dunia, ambayo ilifika hadi delta ya Rufiji ilikozamishwa manowari ya Kijerumani Königsberg mwezi Julai 1915, iliwakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, nao waliporejea makwao waliisambaza beni mbali na pwani. Hivyo, kuoanisha ala za kigeni na nyimbo za wenyeji ni desturi ya zaidi ya miaka 100 katika eneo hili.

Ngoma za mijini zilikuza pia viongozi wa umma. Bi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam kabla ya kuongoza wanawake wa TANU kuanzia mwaka 1955, na baadaye aliiwakilisha Rufiji bungeni. Katika ngoma, kiongozi wa wimbo ni mtu mwenye dhamana, wala si sauti tu. Mpangaji anapaswa kukumbuka hilo anapochagua ala itakayosimama mahali pake.

Mfano wa Mto Tana

Mfano mashuhuri zaidi wa kazi hii Afrika Mashariki unatoka katika mto mwingine wenye delta, Mto Tana nchini Kenya. Mwaka 1963, wakati Kenya ikijiandaa kwa uhuru, tume ya wanamuziki watano ilikabidhiwa jukumu la kuandaa wimbo wa taifa. Wajumbe walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani waliyoitumia ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana.

Wimbo wa mama na mtoto uliwekewa maneno mapya na sauti za kuambatana, kisha ukawa wimbo unaopigwa na bendi mbele ya umma uliosimama wima. Mfano huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, wimbo mdogo wa kijiji unaweza kubeba heshima ya taifa pasipo kupoteza umbo la lahani yake. Pili, jina la aliyeutoa lilihifadhiwa, na hadi leo asili ya wimbo huo inajulikana. Tanzania ilifuata njia nyingine: Mungu Ibariki Afrika umejengwa juu ya utenzi wa kanisa uliotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, ambao tayari ulikuwa umetungwa kwa ajili ya kwaya.

Hatua za kazi

*Kukusanya.* Mpangaji husikiliza wimbo kwa wenyewe, hurekodi zaidi ya mara moja na kwa waimbaji tofauti, kwa kuwa kiongozi mmoja haimbi sawasawa na mwenzake. Huandika pia wimbo huimbwa lini, na nani, na kwa kazi gani. Wimbo wa kupiga kasia hufuata mvuto wa mikono. Ukipigwa kwa mwendo wa gwaride wa takriban hatua 120 kwa dakika, kasia hilo halivutiki tena.

*Kuchagua ufunguo.* Ala nyingi za bendi hazisomi sauti kama inavyosikika. Nota ya klarineti na tarumbeta za B-flati huandikwa nusutoni 2 juu ya sauti halisi, ya honi ya F nusutoni 7, na ya saksofoni ya alto nusutoni 9. Kwa sababu hiyo, wimbo wa dansi uliorekodiwa kwa magita katika ufunguo wa A humlazimu mpiga tarumbeta kusoma shapu 5 na mpiga saksofoni ya alto shapu 6. Ukipandishwa nusutoni moja tu, hadi B-flati, tarumbeta haisomi shapu hata moja na saksofoni husoma moja. Msikilizaji hatambui tofauti, lakini bendi ya vijana wanaojifunza hutoka kwenye kukwama ikaingia kwenye kupiga.

*Kugawa majukumu.* Kiongozi hupewa ala moja inayosikika peke yake, kama vile tarumbeta au saksofoni. Waitikiaji hupewa kundi zima, nalo huingia kwa pamoja. Kosa la kawaida ni kuanza na bendi nzima tangu mwanzo; mwito ukifunikwa, mwitiko hauna cha kujibu.

*Kulinda neno.* Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ijapokuwa bendi haiimbi, wasikilizaji wanaoujua wimbo huyasikia maneno ndani ya sauti. Pigo zito likiangukia silabi isiyostahili, neno hupinda na wimbo huonekana wa mgeni.

*Kulinda pumzi.* Mpiga gita anaweza kurudia mchoro mmoja kwa dakika tano bila kupumzika. Mpiga klarineti hawezi. Mchoro huo hugawanywa kati ya klarineti ya kwanza na ya pili, zikipokezana, ili sauti isikatike.

*Kulinda ngoma.* Ngoma nyingi za pwani huchanganya mapigo matatu dhidi ya mawili kwa wakati mmoja. Ngoma za gwaride zikiachiwa jukumu lote, mchanganyiko huo hunyooshwa na kuwa hatua za kushoto na kulia. Suluhisho jepesi ni kuwaalika wapiga ngoma wenyewe waketi pamoja na bendi, na ngoma za gwaride ziwafuate wao.

Nyimbo za dansi na taarabu

Nyimbo za dansi la Tanzania huwa na sehemu mbili: mashairi ya mwendo wa utulivu, kisha chemko la kucheza. Gita la solo hukabidhiwa klarineti, gita la rizimu honi na saksofoni, na besi hupewa tuba. Tarumbeta zilizokuwamo tangu awali hubaki na kazi yake. Nyimbo za taarabu zinahitaji uangalifu zaidi, kwani baadhi zina sauti zilizo kati ya nusutoni, ambazo udi na fidla huzitoa kwa urahisi lakini tarumbeta huzikosa. Kwa bendi changa, ni busara kuchagua nyimbo zisizotegemea sauti hizo.

Haki za wenye nyimbo

Wimbo wenye mtunzi anayejulikana unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kupanga upya ni miongoni mwa matendo yanayohitaji ridhaa ya mwenye haki, na ulinzi huo huendelea kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo inayosimamia masuala hayo.

Wimbo wa asili usio na mtunzi mmoja nao si mali ya kuokotwa. Sheria hiyo ina sehemu inayolinda kazi za sanaa za jadi. Bendi inayokusudia kurekodi na kuuza wimbo wa namna hiyo inashauriwa kuanza na Afisa Utamaduni wa Halmashauri, kisha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kutaja jamii na mahali wimbo ulikotoka.

Zipo pia nyimbo ambazo sheria peke yake haitoshi kuziamulia. Nyimbo za unyago na jando hufundishwa ndani ya mafunzo yenye miiko, kwa watu maalumu. Kuzipiga uwanjani, hata bila maneno, ni kuzitoa nje ya nyumba yake. Uamuzi wa lipi litoke na lipi libaki ni wa makungwi, manyakanga na wazee wa mahali husika, na mpangaji anapaswa kuwauliza kabla ya kuandika nota ya kwanza.

Umuhimu wa kuandika mapema

Wimbo ukishaandikwa na kupigwa na bendi, toleo hilo ndilo kizazi kijacho kitakalolijua. Likiandikwa vyema, wimbo huishi baada ya waimbaji wake. Likiandikwa vibaya, kosa ndilo linalorithiwa. Kwa hiyo vikundi, shule na bendi zinazotaka kutumia nyimbo za Bonde la Rufiji zinahimizwa kurekodi waimbaji wenyewe kwanza, kuhifadhi rekodi hizo pamoja na majina yao kwa ridhaa yao, na kuwapigia mpangilio uliokamilika kabla haujafika uwanjani. Mzee akiusikia akaitikia mahali panapostahili kuitikiwa, kazi imekamilika.