Vizuizi vya matibabu ya pumu kwa watoto hupimwaje?

BARIDI ya nyanda za juu za Mau, moshi wa kuni na vumbi la mbao ni mambo yanayoweza kuchochea pumu kwa mtoto anayeishi Elburgon, Kaunti ya Nakuru. Mji huo una hospitali ya umma. Hata hivyo, kuwepo kwa hospitali si hakikisho kwamba mtoto atapata tiba.

Ndiyo sababu wataalamu hupima vizuizi kwa kumhoji mzazi. Mwaka wa 2004, Michael Seid na wenzake nchini Marekani walichapisha hojaji yenye maswali 39 kuhusu watoto wenye maradhi ya kudumu. Baadaye ilitumiwa kwa wenye pumu. Maswali hayo yamo katika mafungu matano: shida za usafiri na gharama, ujuzi wa kufuata taratibu za hospitali, kudharauliwa na wahudumu, kutarajia huduma duni, na maarifa pamoja na imani za mzazi.

Kila kizuizi kina suluhisho lake. Mzazi asiye na nauli ya matatu huhitaji kliniki iliyo karibu. Anayeamini kuwa inhela humzoesha mtoto dawa asiweze kuiacha huhitaji maelezo. Dawa ya kukinga pumu huvutwa kila siku, hata mtoto anapoonekana mzima. Ikiachwa kwa woga, huenda akakimbizwa hospitalini usiku akihema. Kuhesabu vituo vya afya pekee hakuwezi kumtambua mzazi wa kwanza wala wa pili.