Moshi na Akili za Wazee

Leo tutajifunza habari za moshi. Mwezi wa Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya hewa safi. Siku zile madaktari walihofia zaidi mapafu na moyo. Lakini mwaka 2020 wataalamu wa jarida la Lancet waliihesabu hewa chafu pia kati ya mambo yanayozidisha hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Basi, mzee wenu akipotewa na kumbukumbu, msiseme amelogwa. Mpelekeni kwa daktari. Moshi wa kuni nao huchafua hewa. Je, jiko lenu lina dirisha? Kwaherini.