Namba 501 Ilikuwa ya Nani?

Mwaka 2009 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Asubuhi moja mtunza ghala aliniita pembeni: "Kaka, mbona mimi nafungua orodha ya mishahara?" Niliishiwa nguvu. Folda ile iliyokuwa kwenye seva nilimfungulia mhasibu peke yake, na hakuna aliyeiba nywila. Linux ya Red Hat ya wakati ule ilianza kuhesabu watumiaji kutoka 500. Kwenye kompyuta ya uhasibu 501 alikuwa mhasibu. Kwenye ya ghala, 501 alikuwa mtunza ghala. Seva haikuuliza jina la mtu. Iliona 501, ikafungua.

Desturi hiyo ya kuamini namba ni ya 1985, Sun Microsystems ya California ilipotoa NFS, mfumo wa kushirikiana faili kupitia mtandao. Diski zilikuwa ghali, na kompyuta nyingi za Sun hazikuwa nazo kabisa. Zilisoma kila kitu kutoka kwenye seva. Kila ombi lilibeba namba ya mtumiaji, ya kundi lake, na makundi mengine machache. Seva iliamini. Siwalaumu waliobuni: mashine zote zilikuwa chini ya msimamizi mmoja, na mtumiaji wa kawaida hakuweza kujibadilishia namba. Aliyeogopwa ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, namba 0. Huyo seva ilimvua madaraka ikamfanya nobody, yaani mtumiaji asiye na mamlaka. Ili orodha ya watumiaji iwe moja kila mahali, Sun ikatoa Yellow Pages, ambayo baadaye iliitwa NIS kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom.

Toleo la nne la NFS, la Desemba 2000, lilileta majina: halima@ghala badala ya 501. Mafundi wengi tulidhani tatizo limekwisha. Halikwisha. Jina lile hueleza faili ni ya nani. Ombi likija kwa utaratibu ule wa 1985, ruhusa bado hupimwa kwa namba. Na pande mbili zikitofautiana jina la eneo, faili huonekana zote ni za nobody. Kinachothibitisha mtu ni Kerberos, kazi ya MIT.

Sisi hatukuwa na Kerberos. Nilichukua daftari, nikampa kila mfanyakazi namba moja, nikakesha nikizirekebisha mashine zote, kisha faili zenyewe kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili. Ndugu msimamizi, kabla hujagawa folda yoyote, andika amri ya id kwenye kila mashine, ulinganishe namba.